Kansa ya figo na skani za mifupa: maswali ninayoulizwa kila siku koridoni

Mimi ni mtu wa mionzi, nakaa kwenye mashine hapa Dar, siyo daktari wa kansa, kwahiyo dawa gani unywe usiniulize. Ila maswali ya skani nayapata kila siku, koridoni, kwenye meseji, hata msibani mtu ananivuta pembeni na bahasha ya picha kwapani. Mengi yanajirudia, hasa kwa wenye kansa ya figo, maana hii kansa ikifika kwenye mfupa ina tabia zake, haifanani na ya tezi dume, na hapo ndipo watu wengi wanapopigwa chenga. Soma lile linalokuhusu, mengine ruka.

Kansa iko kwenye figo, mbona mnahangaika na mifupa?

Kwa sababu inasafiri. Figo ni kiungo chenye damu nyingi mno, na kansa yake inapenda kupita kwenye mishipa ya damu. Ikitoka kule sehemu inayofikia sana ni mapafu, halafu mifupa iko juu juu kwenye orodha pamoja na tezi za limfu, ini na ubongo. Kwa wale ambao imeshasambaa, karibu mtu mmoja kati ya watatu inamgusa mfupa. Inapenda uti wa mgongo, nyonga, mbavu, paja kwa juu na mfupa wa mkono karibu na bega.

Halafu tuelewane kitu kimoja, hiyo siyo "kansa ya mifupa". Ni kansa ile ile ya figo imehamia kwenye mfupa, na inatibiwa kama kansa ya figo. Nimeona familia zinachanganyikiwa zinadhani mgonjwa wao amepata kansa mbili, wengine wanaanza kutafuta daktari mwingine wa "ile ya pili".

Kwahiyo kila mwenye kansa ya figo lazima apigwe skani ya mifupa?

Hapana, na hapa naomba watu wasiende kutoa hela yao bure. Miongozo mikubwa, ukiwemo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Ulaya, inasema kama mgonjwa hana dalili ya mfupa na vipimo vya damu vimetulia, skani ya mifupa peke yake haihitajiki. Ile CT (eksirei ya kompyuta inayopiga mwili vipande vipande) ya kifua, tumbo na nyonga ambayo unapigwa kwenye kupima hatua ya ugonjwa tayari ina uti wa mgongo, mbavu na nyonga ndani yake, msomaji akigeuza mwanga kwenye kompyuta yake mifupa yote ya hapo anaiona.

Inakuwa lazima pale mtu anapokuwa na maumivu ya mfupa, hasa yale ya usiku, yale ambayo ukilala ndiyo yanaamka, unabadilisha ubavu hayaondoki, panadoli inayapoza kidogo tu. Au alkalini fosfatezi, kipimo cha damu kinachopanda mfupa ukisumbuliwa, imepanda. Au kalsiamu imepanda, na hii ya kalsiamu naomba uisome mara mbili: mgonjwa anakuwa na kiu isiyoisha, choo kigumu, amelegea, anaongea vitu havieleweki, nyumbani wanasema "mzee uzee umemfikia". Kumbe kalsiamu iko juu, na hiyo ni ya kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo.

Hii bonskani, yaani skani ya mifupa, mnaifanyaje?

Unachomwa sindano mkononi yenye teknesiamu kidogo, kitu chenye mionzi, iliyounganishwa na dawa inayopenda mfupa. Siyo dawa ya kulala, haiwashi. Baada ya hapo unasubiri kama masaa matatu hivi, unakunywa maji, unakojoa, ili dawa iliyobaki kwenye damu itoke na iliyoshika mfupa ibaki. Halafu unalala chali kwenye kitanda chembamba, kamera ya gama, inayonasa mionzi inayotoka mwilini mwako, inapita juu yako taratibu, haikugusi, haina kelele, watu wengi wanasinzia.

Teknesiamu nguvu yake inapungua kwa nusu kila masaa 6, kwahiyo hatuwezi kuiweka kabatini. Inazalishwa kwenye jenereta, siyo ya umeme, ni chombo cha kutoa teknesiamu, ambayo inakuja kwa ndege kutoka nje, nayo inachoka siku hadi siku. Ndiyo maana ukipigiwa simu kwamba tarehe imesogezwa mbele usifikirie tumempa nafasi yako mtoto wa bosi, saa nyingine mzigo umekwama tu airport. Kwa hapa Tanzania kipimo hiki watu wengi wanaendea Ocean Road.

Vitu vidogo: vua mkanda, toa sarafu mfukoni. Sarafu ya mia mbili inazuia mionzi na kwenye picha inaacha tundu kama mfupa umeliwa. Na ukikojoa jitahidi usijimwagie, nitakwambia kwa nini huko chini. Kama unanyonyesha au una ujauzito sema kabla ya sindano, siyo baada. Na kama una safari ya ndege siku mbili tatu zinazofuata omba barua, maana mashine za uwanjani zinaweza kulia ukipita.

Bonskani yangu imetoka safi. Sasa nilale usingizi?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Bonskani haipigi picha ya kansa. Inapiga picha ya mfupa unapojijenga. Kansa ya tezi dume ikiingia kwenye mfupa mara nyingi inauchokoza ujijenge ovyo, basi pale panawaka kama taa. Kansa ya figo inafanya kinyume, inawaita wabomoaji, zile seli zinazokula mfupa, na mafundi wa kujenga wanabaki nje wanaangalia. Sasa kama kipimo chako kinahesabu mafundi na mafundi hawapo, kitaona nini? Pengine kitaona tundu hafifu ambalo halijashika dawa, pengine utepe mwembamba pembeni, pengine hakuna kitu kabisa huku mfupa umeliwa nusu.

Miaka ya nyuma, sehemu niliyokuwa nafanya kazi zamani, alikuja mzee mmoja na fomu imeandikwa "maumivu ya bega, miezi miwili". Basi, hakuna kingine. Nikamchoma, akasubiri, nikampitisha. Kwenye bonskani figo zinaonekana kwa sababu dawa inatokea huko, mimi nikaona figo moja tu, ya kulia, kushoto pako wazi. Nikamuuliza mzee, figo ya kushoto vipi? Akacheka, "aah hiyo walishaitoa mwanangu, ilikuwa na uvimbe, mwaka wa tisa huu, walisema wameimaliza." Nikaandika kwenye kikaratasi nikakibana kwenye fomu kwa stepla. Kile kikaratasi sijui kilidondokea wapi. Ripoti ikatoka safi, bega likaitwa baridi yabisi, mzee akapewa dawa za kuchua.

Baada ya wiki sita hivi akanyanyua ndoo ya maji bafuni, mkono ukavunjika pale pale chini ya bega. Eksirei ikaonyesha tundu kubwa kwenye mfupa, limekula mpaka ganda la nje. Nikairudia ile bonskani yetu kwenye kompyuta. Lilikuwepo. Baka pana la rangi hafifu kuliko upande wa pili, na duara jembamba limelizunguka, ukishajua unachotafuta unaliona, usipojua unapita.

Kwahiyo jibu langu: kama ni kansa ya figo na panauma, bonskani safi haijafunga hiyo kesi. Rudi useme "bado panauma", uonyeshe kwa kidole, na uulize kama sehemu hiyo inaweza kupigwa CT au MRI (ile mashine ya sumaku). Na kwenye fomu, historia ya figo iandikwe hata kama ni ya zamani kiasi gani.

Mimi figo ilitolewa miaka kumi iliyopita, si nimeshapona?

Inawezekana umepona, wengi wanapona. Ila kansa ya figo ni moja ya zile zinazojulikana kwa kurudi baada ya kimya kirefu, hata zaidi ya miaka kumi, na mfupa ni moja ya sehemu inapochomoza. Sisemi uishi kwa hofu. Nasema ukipata maumivu mapya ya mgongo usimwambie daktari "nilishawahi kufanyiwa operesheni ya tumbo". Mwambie ilikuwa kansa ya figo, kwa jina.

Si wangenipiga eksirei tu ya elfu chache?

Eksirei ni nzuri ikiwa na swali lake. Mpaka tundu lionekane kwenye eksirei ya kawaida mfupa unatakiwa uwe umepoteza kama asilimia 30 hadi 50 ya madini yake pale, kwahiyo eksirei safi ya mgongo haina maana kubwa. Lakini kwa mfupa mrefu unaouma, paja au mkono, daktari wa mifupa anaitaka hiyo hiyo, anaangalia ganda limeliwa kiasi gani, kama linakaribia kuvunjika aweke chuma mapema kabla halijavunjika lenyewe. Kuwekewa chuma ukiwa umepanga ni rahisi sana kuliko kuletwa usiku umevunjika.

CT na MRI, ipi ni kali zaidi?

Watu wanapenda swali hili kama vile ni Simba na Yanga. Inategemea unauliza nini.

CT inaona mfupa wenyewe, yaani ukuta. Ganda limeliwa wapi, limebaki nene kiasi gani, litabeba uzito au halibebi. Ni ya haraka, dakika chache umemaliza, na kwa pamoja inakuonyesha mapafu na ini. Tundu la kansa ya figo kwenye CT mara nyingi linakuwa limetutumka, kama puto linasukuma mfupa kwa ndani, na ukichomwa dawa ya kuangaza linawaka kwa sababu limejaa mishipa.

MRI inaona ute, ile nyama ya ndani ya mfupa ambako kansa inatua kwanza kabla haijaanza kubomoa ukuta. Kwahiyo kwa kugundua mapema, hasa kwenye uti wa mgongo na nyonga, MRI inaiacha CT na bonskani nyuma. Na haina mionzi. Zipo sehemu zinafanya MRI ya mwili mzima, ila kwetu huku mashine ni chache na foleni ndefu, usishangae ukiambiwa wanapiga mgongo tu. Ubaya wake ni kelele na tundu la mashine unamoingizwa ni jembamba, nusu saa mpaka lisaa usitikisike, kama unaogopa sehemu za kubana sema mapema upewe kitu cha kukutuliza. Mwenye betri ya moyo aseme. Shanga zenye chuma, hirizi yenye bati, pini za nywele, vyote nje. Kina mama wananificha hirizi mpaka dakika ya mwisho, mimi sina shida na hirizi yako mama, sumaku ndiyo ina shida nayo.

Kuna hali moja haina mjadala wa ipi kali. Mwenye kansa ya figo akianza kulegea miguu, au ganzi inapanda, au sehemu za siri na makalio hazina hisia, au mkojo umegoma kutoka, hapo uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa. Ni MRI ya mgongo mzima, ndani ya masaa 24, siyo tarehe ya kliniki mwezi ujao. Mguu ukishapooza kabisa kuurudisha ni kazi ngumu, ukiwahi ukiwa bado unatembea una nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Nenda emajensi, taja neno kansa ya figo mlangoni.

Nimebaki na figo moja, hiyo dawa ya kuangaza si itaimaliza?

Hofu hii naielewa, na mtaani imekuzwa. Kuwa na figo moja peke yake siyo kizuizi, kinachoangaliwa ni inafanya kazi kiasi gani. Ndiyo maana tunadai kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ya karibuni, siyo ya mwaka jana. Kasi ya kuchuja ikiwa chini ya 30 hapo madaktari wanakaa wanapima faida na hasara, wanaweza kupiga bila dawa au kubadilisha kipimo. Kama unatumia metfomini ya sukari sema, unaweza ukaambiwa uisimamishe kidogo. Dawa ya MRI ni nyingine, gadoliniamu, nayo ina tahadhari yake kwa wenye figo zilizochoka sana, ila aina mpya zake ni salama kuliko za zamani. Bonskani haina shida hii kabisa.

Kuna ndugu yetu ameambiwa aende PET, hiyo si ndiyo inaona kila kitu?

Haioni kila kitu, na kwa kansa ya figo ndiyo kabisa uwe makini kabla hujauza kiwanja. PET ya kawaida inatumia sukari yenye mionzi, kansa zenye uchu wa sukari zinawaka. Kansa za figo zinatofautiana, nyingine zinakula sukari sana, nyingine hazina habari nayo, na sukari yenyewe inatokea kwenye figo na kibofu kwahiyo eneo hilo lote linawaka hata kwa mzima. Kwenye mifupa inasaidia zaidi kuliko kwenye figo yenyewe, ikiwaka ni habari, isipowaka siyo hakikisho.

Zipo PET za aina nyingine. Moja inashika PSMA, aina ya protini, ambayo watu wanaijua kwa tezi dume, lakini mishipa mipya inayolisha kansa ya figo nayo inaibeba. Nyingine inatumia kingamwili kinachoitwa girentuksimabu kilichofungwa na zikoniamu, kinaitafuta alama iliyopo kwenye kansa ya figo ya seli angavu, ile aina ambayo ndiyo kama robo tatu ya kansa za figo. Hii ya pili bado ni ya utafiti zaidi kuliko ya kliniki. Kwa ukanda wetu PET zipo Nairobi, Aga Khan na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Watanzania wengi wamekuwa wakienda huko au India. Ushauri wangu, kabla hujapanda basi muulize daktari: hiyo PET ikitoka hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika? Kama jibu ni hapana, hela hiyo ina kazi nyingine.

Ripoti imeandika madoa manne. Ndiyo nimekwisha?

Taratibu kwanza. Mfupa unajijenga kwa sababu nyingi. Magoti na mgongo wa mtu wa miaka hamsini kwenda juu vinawaka kwa kusagika tu. Mbavu tatu zilizopangana mstari mmoja zinawaka, namuuliza mtu, uliwahi kuanguka? Anakumbuka, bodaboda, mwezi wa tatu. Kansa haipangi foleni hivyo. Hata pale ulipochomwa sindano panawaka.

Na mkojo. Tone moja kwenye kanga linatoa doa jeusi (kwenye picha zetu panapowaka panatokea peusi) juu ya nyonga ambalo ukiliangalia kwa haraka ni kansa mtupu. Kuna mama nilimrudisha akabadili nguo, akajifuta, nikampitisha tena, doa likaondoka. Alikuwa ameshaanza kulia maana alinisikia nikimwambia mwenzangu "hebu njoo uone hapa". Toka siku hiyo siongei mbele ya skrini.

Doa lisiloeleweka linafuatiliwa kwa CT au MRI ya pale pale.

Picha imeonyesha, mbona bado wanataka kutoa kinyama cha kupima?

Kwa sababu doa moja peke yake, hasa kwa mtu ambaye figo ilitolewa zamani, linaweza kuwa kitu kingine, hata TB ya mgongo, na kwetu TB haijaisha. Ila anayetoa kinyama lazima ajue ni figo, maana vivimbe hivi vina damu kama bomba limepasuka. Hata kabla ya operesheni ya kuweka chuma mara nyingi wanaziba kwanza mishipa inayolisha uvimbe, siku moja mpaka tatu kabla, ili mgonjwa asitokwe damu mezani.

Na hii mionzi yote siyo italeta kansa nyingine?

Bonskani ni kama milisivati (kizio cha kupimia mionzi) 4 hadi 6. Mionzi ya asili, ya ardhini na angani, wastani wa dunia ni kama 2.4 kwa mwaka, kwahiyo ni kama miaka miwili ya kuishi tu. CT ya kifua mpaka nyonga iko juu ya hapo. Kwa mwenye kansa inayoweza kuvunja mgongo hesabu hiyo haisumbui. Baada ya bonskani nenda nyumbani, kula na watu, ila watoto wachanga usiwapakate na wajawazito wasikukalie karibu sana siku hiyo, na flashi choo mara mbili.

Nimeanza dawa, skani ya pili mwanga umeongezeka!

Inawezekana ugonjwa umeongezeka, inawezekana pia unapona. Dawa ikifanya kazi wabomoaji wanaondoka, mafundi wanarudi kuziba matundu, na bonskani inaona mafundi, basi panawaka kuliko mwanzo. Hata kwenye CT tundu linaanza kujaa weupe na doa ambalo halikuonekana mwanzo linajitokeza kwa kupona kwake. Ndiyo maana mtu mmoja asome picha zote mbili pamoja, na aangalie pia maumivu yako yanaendaje. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kuchanganya zaidi.

Siku ya skani nije na nini?

Kreatinini ya karibuni. Kibali cha bima kilichogongwa muhuri, siyo picha ya WhatsApp ya kibali. Orodha ya dawa. Ndugu mmoja anayejua historia, siyo kijana aliyetumwa tu kushika mkoba. Nguo isiyo na zipu. Na njoo na picha zako zote za zamani, sidii, filamu, hata zile zilizopauka zilizokaa juu ya kabati, na ile karatasi ya maabara ya figo ilipotolewa inayosema ilikuwa aina gani. Mama mmoja kutoka Mkuranga alikuja na zake zimefungwa kwenye mfuko wa unga, ana aibu kuzitoa, anasema ni za mwaka 2011. Tukaziweka kwenye ubao wa mwanga, pingili ya nne ya kiuno ilikuwa na doa lile lile, saizi ile ile, halijasogea miaka yote hiyo. Akarudi nyumbani bila kutolewa kinyama.